Siku Mbili Katika Mto Kilombero: Somo la Samaki wa Meno

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Elimu ya Viumbe

Mwalimu wetu wa Elimu ya Viumbe aliponiagiza niandike habari za safari ya chama chetu nilikubali upesi sana, maana safari ilikuwa haijafanyika bado, nami nilidhani nitaandika habari za ushujaa wangu. Wasomaji mtaona kwamba mambo hayakwenda hivyo. Nimeiandika kama somo, kwa kuwa wenzetu wa vidato vya chini watafika katika mlango wa samaki, tena wazazi waliotuchangia shilingi 15,000 kila mmoja wana haki ya kujua fedha zao zilitumikaje.

Chanzo cha safari kilikuwa jarida moja kuukuu la Kimarekani tulilolikuta katika maktaba. Ndani yake mlikuwa na picha ya mtu amekumbatia samaki mkubwa kama mtoto wa miaka mitano, na habari za watu waendao Alaska kumvua. Samaki huyo huitwa samoni mfalme, naye ndiye mkubwa kuliko samoni wote wa Bahari ya Pasifiki. Aliyevunja rekodi ya ndoana alivuliwa mwaka 1985 katika mto Kenai, akawa na ratili 97 na ushee, yaani kilo 44. Mpishi wetu alipoonyeshwa picha ile alisema huyo angetosha bweni zima kwa chakula cha jioni, na mchuzi ukabaki.

Lakini maisha yake ndiyo ya ajabu kuliko ukubwa wake. Huzaliwa mtoni, katika maji baridi yapitayo juu ya changarawe. Akiwa mdogo huteremka baharini, akakaa huko miaka kadhaa akila na kunenepa, kisha hurudi katika mto ule ule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Akiisha kuingia mtoni hali tena. Hupanda na kupanda, jike hutaga, dume huyarutubisha mayai, na wote wawili hufa. Katika mto Yukon safari hiyo ya kupanda yaweza kufika kilomita 3,000, zaidi ya kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza na kurudi, na yote hiyo bila kula kitu.

Jarida lilieleza pia jinsi watu wanavyomvua. Mtu asiye na mashua hukodi mashua pamoja na nahodha wake, mwenye cheti cha serikali, naye nahodha ndiye ajuaye samaki wako wapi, katika kina gani na saa ngapi. Mgeni hulipa, huketi, hushika ufito, na husikiliza. Samoni mfalme akichukuliwa, mvuvi hana budi kumwandika pale pale katika hati yake, maana kuna hesabu asiyoruhusiwa kuipita. Neno lile “husikiliza” nililisoma bila kulitia maanani.

Mmoja wetu akauliza, “Je, sisi hatuna samaki wa namna hiyo?” Mwalimu akajibu kwamba samoni hatuna, lakini tunaye mmoja ambaye wageni husafiri kutoka Ulaya na Amerika kuja kumvua kwetu, hasa katika mito ya Mnyera na Ruhudji inayoulisha mto Kilombero. Waingereza humwita kwa jina la chui milia. Wataalamu humwita Hydrocynus, maana yake mbwa wa majini. Sisi chamani tulimwita samaki wa meno, na nikisema hivyo humu ndani ni yeye nimkusudiaye. Mmoja wa jamaa hiyo, Hydrocynus tanzaniae, amepewa jina la nchi yetu; alielezwa na wataalamu mwaka 1986, naye yumo katika Rufiji na matawi yake, na pia katika Ruvu. Yaani mto utokao katika milima yetu ya Uluguru, tunayoiona kila asubuhi tukienda kunawa, unaye samaki huyu huko chini tambarare, na wengi wetu tulikuwa hatujapata kusikia habari zake.

Basi kwa nini tusiende Ruvu? Kwa sababu Mwalimu alikuwa na mtu amjuaye Ifakara, na hakuwa na mtu amjuaye Ruvu. Katika mto wenye mamba na viboko, kiongozi ndiye wa kwanza na mahali ni baadaye. Bwawa la Mindu liko karibu, lakini samaki wa meno si wa kutafutwa kule.

Tuliondoka Ijumaa ya mapumziko ya Septemba, wanafunzi sita na walimu wawili. Barabara yapita katikati ya Mbuga ya Taifa ya Mikumi, kisha twageuka kusini hadi Kidatu penye mashamba ya miwa, na kutoka hapo milima ya Udzungwa inakuwa ukuta mkono wa kulia mpaka karibu na Ifakara. Sina haja ya kueleza zaidi, maana nililala. Mwalimu alikwisha kupata kibali kwa Afisa Uvuvi, na kibali kilisema twaweza kuchukua samaki wa meno watatu tu kwa kitoweo. Wengine wote wapimwe na kurudishwa. Kusema kweli tulinung'unika. Mwanafunzi wa bweni aliyekula ugali na maharage tangu Julai haelewi upesi kwa nini samaki arudishwe mtoni.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kindamba, na Wandamba ndio wavuvi wa bonde lile tangu zamani. Tulipomwamkia “Shikamoo, Babu,” aliitikia, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayekagua nyavu zilizotoboka, kisha akatupa kanuni kabla hatujagusa mtumbwi. Asisimame mtu. Asitie mtu mkono majini kuosha au kuchezea. Kila mtu avae koti lake la kuelea, hata anayejidai kuogelea. Penye viboko ni kimya. “Kiboko ana njia yake, wajukuu zangu, kama ninyi mlivyo na barabara yenu ya lami. Ukimzibia njia ya kurudia kwenye maji marefu, hakuulizi umetoka shule gani.”

Tulikuwa na mitumbwi miwili, kila mmoja na mtu wa kuushika upondo. Tuliingia mtoni alfajiri ya Jumamosi, si mbali na daraja kubwa. Zamani watu wa Ifakara na wa Mahenge walivushwa hapo kwa pantoni. Tangu mwaka 2018 kuna daraja lenye urefu wa mita 384. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na furukombe walikuwa wakilia.

Sasa somo lenyewe. Nilidhani kuvua ni kutupa ndoana na kungoja bahati. Babu hakuitupa ndoana yake kwa muda wa saa nzima. Alikuwa akitazama maji. Alitueleza kwamba wakati wa masika mto hufurika, bonde lote huwa bahari, na samaki wadogo huenda kukua katika majani. Kiangazi maji yakipungua, vijito vinavyotoka mabwawani hurudi mtoni, na wale wadogo hawana njia nyingine ila kutoka navyo. “Basi mwenye meno hukaa mlangoni,” alisema, “kama mama muuza maandazi mlangoni pa shule.” Tulicheka, lakini nimefikiri sijapata kusikia habari za mlaji na mliwaji zikielezwa vizuri hivyo hata darasani. Tulitia nanga ya jiwe pale maji ya kijito yanapokutana na maji ya mto, nyuma ya fungu la mchanga.

Vifaa ni hivi. Ufito wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Ndoana kubwa iliyonolewa, maana butu haina faida. Chubwi dogo, ili chambo kisizame moja kwa moja. Chambo ni kipande cha samaki kilichokatwa kirefu. Na kati ya ndoana na mshipi lazima uwe waya wa chuma, urefu wa kiganja na nusu. Mwenzetu mmoja alipuuza, akavuta mshipi uliokatwa kama kwa mkasi. Meno ya samaki huyu hutoka nje hata akiwa amefumba kinywa, naye huyabadilisha yote kwa pamoja, mapya yakachukua mahali pa yale ya zamani. Ni mwepesi ajabu. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba huko Afrika Kusini walimwona ndugu yake mmoja akiruka kutoka majini na kuwakamata mbayuwayu wanaoruka.

Akila, hafikiri. Huja kwa pigo moja, ufito ukainama mpaka majini. Kosa letu sote lilikuwa kushangaa. Kinywa chake ni mfupa mtupu na ndoana haiingii kwa urahisi. Asiyevuta kwa nguvu mara moja humwona samaki akiruka juu, akitikisa kichwa, na kuitema ndoana mbele ya macho yake. Niliwapoteza watatu namna hiyo. Wa nne nilimpata, mdogo wa sentimita 40, na Babu akamwondoa ndoana kwa koleo akiwa bado majini, akamwachia hata sijamwona vizuri.

Yapata saa nne asubuhi akaja mwingine. Huyu hakuruka. Alikwenda chini akauchukua mshipi nisiweze kumzuia, na mikono yangu ikatetemeka. Babu alisema neno moja tu, “Taratibu,” akalirudia mara nyingi. Alipofika ubavuni mwa mtumbwi wote walinyamaza. Alikuwa wa rangi ya fedha, na mistari myeusi, na mapezi mekundu kama makaa. Tulimpima kwa utepe: sentimita 68.

Kanuni ya Babu ilikuwa kwamba samaki wa kurudishwa asitolewe majini zaidi ya hesabu ya kumi. Na huyu alikuwa wa kurudishwa, kwa sababu, alieleza, walio wakubwa kabisa ni majike. Lakini kamera ilikuwa katika mtumbwi wa pili. Mimi nilikuwa nimemwinua juu, na nilifikiri habari za gazeti hili. Nikapaza sauti wenzangu waje. Babu akasema, “Mrudishe, mjukuu wangu.” Nikajibu, “Bado kidogo, Babu.” Upondo wa wenzetu ulikuwa umekwama katika tope. Babu akasema tena, nami nikajibu vile vile. Picha ikapigwa, nayo ni nzuri. Ipo katika ubao wa matangazo.

Nilipomtia majini akageuka tumbo juu.

Babu hakunikemea. Alimshika mkiani na chini ya tumbo, akamwelekeza kichwa mto unakotoka ili maji yapite katika mashavu yake, akamsogeza mbele polepole, akangoja, akamsogeza tena. Alifanya hivyo karibu robo saa, akiwa ameinama, katika mto wenye mamba. Mara mbili samaki alitikisa mkia na mara mbili tukadhani amepona. Kisha Babu akamwinua, akamlaza ndani ya mtumbwi. “Basi,” alisema. “Huyu sasa ni wa chungu.”

Katika siku mbili tulivua samaki wa meno tisa, kambale wanne na kitoga mmoja. Wa meno watatu walichukuliwa, na wangu alihesabiwa wa kwanza. Jioni tulimpasua juu ya jani la mgomba, Mwalimu akitusomesha: moyo, ini, kibofu cha hewa. Kisha akaonyesha vifuko viwili virefu vilivyojaa chembe za manjano, ndogo kuliko mtama. Ni mayai yaliyokuwa yanaanza kukomaa, yakingoja mvua. Tulitaka kuyahesabu. Tulichota kijiko kimoja cha chai, tukahesabu kwa ncha ya mwiba, tukachoka kabla ya kumaliza kijiko. Nyama yake ina miiba mingi. Nilikula kidogo.

Usiku ule motoni nilimwambia Babu jambo ambalo sikuwa nimemwambia Mwalimu, na sasa nalisema hapa. Kwetu ni Mgeta, juu milimani. Nilipokuwa na miaka tisa au kumi, mimi na wadogo zangu tulivua kwa utupa. Mmea huu mnaujua, wengi wameupanda mipakani mwa mashamba. Tuliponda majani, tukayatia katika kikapu, tukakiosha katika dimbwi la kijito chini ya shamba la bibi. Maji yakawa meupe kidogo, na baada ya muda mfupi samaki wakaja juu wakihema. Kidato cha Tatu nilijifunza sababu: ndani ya utupa mna sumu iitwayo rotenoni, inayoingia kwa mashavu na kuizuia miili yao isiweze kuitumia oksijeni. Wanakufa kwa kukosa pumzi hali maji yamewazunguka. Sisi tulichukua wakubwa, ambao walikuwa urefu wa kidole, na wadogo tukawaacha wakielea. Tulifanya hivyo likizo mbili. Likizo ya tatu dimbwi halikuwa na kitu, tukahamia dimbwi la chini yake.

Babu aliuliza, “Na kijito hicho chaenda wapi?” Nilijibu kama mtu aliye katika mtihani wa Jiografia: chaingia Mgeta, Mgeta yaingia Ruvu, na Ruvu yaenda baharini karibu na Bagamoyo, na watu wa Dar es Salaam wanakunywa maji ya Ruvu. Alitikisa kichwa, akasukuma kuni. “Basi mnao wengi chini yenu,” alisema. Kisha akatuambia kwamba naye ujanani alivua kwa nyavu za macho madogo, zilizozoa kila kitu, na mwaka mmoja aliuza samaki wengi hata akanunua baiskeli mbili. Sasa mahali pale pale hukesha na kurudi na samaki wa kitoweo tu. Tangu hapo, alisema, amejifunza kuwapeleka wageni.

Chamani tumebishana sana juu ya jambo hili tangu turudi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, na hapo hakuna ubishi. Lakini mwenzetu mmoja aliuliza: je, ni haki mgeni alipe fedha nyingi achezee samaki na kumwachia, na mwenyeji mwenye njaa aambiwe asimguse? Mwalimu alileta mfano wa mto Yukon. Huko samoni mfalme wamepungua hata mwaka 2024 Alaska na Kanada zikakubaliana kwamba asivuliwe kwa miaka 7, na katazo hilo liliwagusa hata wenyeji wa mto, ambao baba na babu zao waliishi kwa samaki huyo. Si wao waliowamaliza peke yao. Bahari yenyewe imebadilika na mito imepata joto. Wengine walisema ni dhuluma, wengine wakasema bila hivyo watoto wa wenyeji hao hao watamwona samoni katika picha tu. Mimi nadhani wote wawili wamesema kweli, na hilo ndilo linalonisumbua.

Nilimwandikia mdogo wangu aliye Darasa la Sita, nikamweleza habari za sumu na za mayai yale, nikamwomba aache utupa na awaambie wenzake. Alinijibu kwa karatasi nusu. Salamu mistari mitatu, kisha: “Kaka, nimesikia. Ugali tutaulia na nini?”

Nimekaa na karatasi hiyo wiki tatu. Mwalimu alinishauri juu ya bwawa la kufugia. Kipo kituo cha serikali Kingolwira, hapa Morogoro, ambapo hupatikana vifaranga vya samaki wa kufuga. Perege anafaa kwa wanaoanza. Jike huyatunza mayai kinywani mwake mpaka watoto waweze kujitegemea, kwa hiyo huzaa vizuri hata katika bwawa dogo. Taabu yake ni moja: kwetu juu kuna baridi, na perege apendaye joto hukua polepole katika maji ya baridi. Mwalimu asema bwawa lichimbwe mahali pa jua, mbali na miti, na maji yaingie kidogo kidogo yasije yakalipoza. Mtihani wetu ukiisha Novemba nitakwenda nyumbani na utepe ule ule wa kupimia. Mdogo wangu nimemwambia atafute majembe mawili.

Wanaotaka kwenda Kilombero mwaka ujao wamwone katibu wa chama mapema, kwa kuwa kibali huchukua muda. Mchukue koleo mbili na waya wa kutosha, na kamera ikae katika mtumbwi wa mvuvi. Taya la samaki yule limekaushwa na liko katika chupa, rafu ya pili ya chumba cha Elimu ya Viumbe, pamoja na kibandiko chenye tarehe, urefu na jina la mto. Vidato vya chini mwaweza kuomba kuliona. Msitie kidole, meno bado ni makali.